Mtaka cha mvunguni sharti ainame: Mambo ya kujua kabla ya kuanza kunyanyua uzani

Ukipita mitaa yetu jioni baada ya Alasiri, iwe ni Kisauni, Likoni, Majengo au Malindi, hukosi kuusikia mlio wa vyuma. Nyuma ya nyumba, chini ya mwembe au kwenye kibanda cha makuti, vijana wamekusanyika. Vyuma vyao si vya dukani. Ni bomba la maji lililotiwa makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, na benchi la mbao lililogongwa misumari na fundi wa mtaani. Hapo ndipo wengi wetu wa Pwani tulipojifunza kubeba vyuma, na mimi ni mmoja wao.

Ni jambo jema. Saa moja ambayo kijana ameitumia kwenye vyuma ni saa moja ambayo hakuitumia kwenye maskani ya unga. Lakini tukubali kwamba tunachofanya wengi ni kujenga kifua na mikono ili fulana ikae vizuri. Kuna mchezo mwingine wa vyuma, ule unaochezwa katika Olimpiki, ambao vijana wetu huutazama kwenye simu kisha wakaujaribu siku ya pili bila kufundishwa. Makala haya ni kwa ajili yao, na kwa wazazi wanaowaona watoto wao wakirudi nyumbani wameshika viuno.

Nami niliingia kwa mlango huo huo. Miaka kadhaa nyuma nilitazama mashindano kwenye video, nikajiambia hili naliweza. Kesho yake nikatia kilo 60 kwenye chuma cha mtaani, nikainama kama mtu anayeokota shilingi, nikavuta kwa mgongo. Nilihisi kiuno kimekatika kama kamba ya ngalawa. Kumbe ni misuli tu, haikukatika, lakini kwa wiki tatu nilisali nimekaa kwenye kiti, na kando yangu mzee wa miaka zaidi ya 70 akirukuu na kusujudu bila taabu yoyote.

Mzee huyo alikuwa kuli katika bandari ya Kilindini enzi za magunia. Baada ya sala aliniuliza nimepatwa na nini. Nilipomweleza alicheka, kisha akaniambia, “Mwanangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini wewe hukuinama, umejikunja.” Akasimama pale pale uani akanionyesha gunia linavyoshikwa. Hamali huchutama, kifua mbele, mgongo umenyooka, gunia liko karibu na miguu yake. Husukuma ardhi kwa miguu. Gunia likishafika mapajani hulirusha kwa nyonga, kisha yeye mwenyewe huingia chini yake kwa bega. Siku ile sikujua, lakini mzee alikuwa amenifundisha nusu ya mchezo wa Olimpiki.

Mchezo wenyewe ni upi

Kunyanyua uzani kulikuwemo katika Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, iliyofanyika Athens mwaka 1896. Wanawake walianza kushindana katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Kenya pia imefika huko, kwani James Adede aliiwakilisha nchi katika mchezo huu Rio mwaka 2016.

Minyanyuo inayoshindaniwa ni miwili tu. Wa kwanza huitwa snachi. Mchezaji hukishika chuma kwa mikono iliyopanuliwa, akakitoa chini hadi juu ya kichwa kwa mwendo mmoja, bila kukipumzisha popote. Wa pili huitwa klini na jeki, nao una hatua mbili. Kwanza chuma hutolewa chini hadi mabegani, hiyo ndiyo klini. Mchezaji akishasimama wima na chuma chake mabegani, hukirusha juu ya kichwa, hiyo ndiyo jeki.

Kila mchezaji ana nafasi tatu kwa snachi na tatu kwa klini na jeki. Huchukuliwa uzani mkubwa aliouweza katika kila upande, ukajumlishwa. Akikosa zote tatu za upande mmoja, hana jumla. Waamuzi ni watatu na uamuzi ni wa walio wengi. Wanachotazama ni kama mikono imenyooka kabisa, kama mwili umetulia, na kama mchezaji amekizuia chuma juu mpaka apewe ishara ya kukishusha. Chuma cha wanaume peke yake kina kilo 20, na cha wanawake kilo 15, kabla ya kutiwa pleti yoyote.

Sasa tazama mfano mmoja. Mwaka 1988 mjini Seoul, Naim Süleymanoğlu wa Uturuki, mtu ambaye kimo chake hakikufika mita moja na nusu, alishindana katika kundi la kilo 60. Katika klini na jeki alinyanyua kilo 190. Hayo ni magunia mawili ya mahindi ya kilo 90, na kilo 10 za nyongeza, juu ya kichwa cha mtu ambaye ukikutana naye Marikiti ungempita bila kumwona.

Hakuna mikono ya kuvuta uzani kama huo mpaka juu, na kwa kweli hauvutwi. Miguu na nyonga huurusha chuma hadi usawa wa kitovu au kifua, na katika ule muda mfupi ambao chuma kinaelea, mchezaji huchutama haraka akaingia chini yake. Kisha husimama nacho kwa nguvu za miguu. Kazi ya mikono ni kushika, kama kamba inavyoshika ndoo ya kisimani. Anayeanza kukunja viwiko mapema ameshaupoteza mnyanyuo wake, hata awe na mikono mikubwa namna gani.

Ndiyo maana nasema mchezo huu ni ufundi kwanza, nguvu baadaye. Na ufundi hausomwi chini ya kilo 60.

Anza na ufito

Chombo cha kwanza unachohitaji hakiuzwi dukani. Tafuta mpini wa ufagio au ufito ulionyooka, wenye urefu wa mita moja na nusu hivi. Mwezi mzima wa kwanza utakuwa na huo tu. Najua wenzako watacheka. Waache wacheke.

Kabla ya kuugusa huo ufito, jifunze kuchutama. Simama miguu ikiwa imepanuka usawa wa mabega au zaidi kidogo, vidole vimeelekea nje kiasi. Shuka mpaka makalio yawe chini ya magoti, visigino vikiwa vimekanyaga ardhi, kifua kimeinuka, na magoti yakifuata upande unaoelekea vidole. Kaa huko chini nusu dakika, simama, rudia mara tano. Watu wetu wengi huweza, kwa kuwa tumezoea kuchutama tangu utotoni. Aliyekaa kwenye kiti cha ofisi au cha tuktuk miaka mingi ataona visigino vinanyanyuka. Huyo aweke ubao mwembamba chini ya visigino kwa sasa, na afanye zoezi hilo kila siku mpaka vifundo vilegee.

Pili ni kushika. Katika mchezo huu kidole gumba hukaa ndani, kimezunguka chuma, na vidole viwili vya kwanza hukaa juu yake vikikibana. Mwanzoni kinauma. Baada ya wiki mbili tatu huzoea, na chuma hakitoki mkononi tena.

Tatu, jifunze mnyanyuo kutoka juu kwenda chini. Wengi huanza kwa kutoa chuma sakafuni, na hapo ndipo pagumu pa mchezo wote. Wewe anza umesimama, ufito uko mapajani. Kunja magoti kidogo, sukuma ardhi kwa nguvu mpaka mwili unyooke wote, pandisha mabega kama unayesema “sijui”, kisha shuka chini ya ufito. Kwa klini, viwiko vizunguke haraka vielekee mbele na ufito ulale mabegani, si mkononi. Kwa snachi, mikono iwe mipana na ufito uishie juu ya kichwa, nyuma kidogo ya masikio, mikono imenyooka.

Ukizoea hapo, anzia ufito ukiwa juu kidogo ya magoti. Ukizoea hapo pia, ndipo uanzie chini, ufito ukiwa katikati ya muundi. Sasa rudi kwa maneno ya yule mzee. Miguu iwe na upana wa nyonga, chuma kiwe juu ya kamba za viatu, mgongo uwe bapa kama ubao, mabega yapite mbele ya chuma kidogo, mikono inyooke. Ondoka taratibu. Mwendo wa kasi huanza chuma kikishapita magoti. Chuma kipande karibu na mwili, maana kila kinapokwenda mbali nawe ndipo kiuno kinapolipa.

Nne ni jeki. Ufito uko mabegani, kunja magoti kidogo huku kiwiliwili kikiwa wima, rusha juu kwa miguu, na papo hapo tupa mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Ukitulia, rudisha wa mbele kwanza, kisha wa nyuma. Hii jeki ina undugu na ile ya gari kwa jambo moja, kwamba nguvu inatoka chini.

Fanya mara tatu kwa wiki, siku moja ya kupumzika katikati, dakika 45 mpaka saa moja. Kila zoezi lifanywe mara tatu hadi tano, pumzika, rudia awamu tano au sita. Usifanye mara 20 mfululizo. Mwili uliochoka hujifunza makosa, kisha makosa hayo ndiyo yanayokuwa mazoea.

Utajuaje umefika wakati wa kuongeza? Mpe mwenzako simu akurekodi kwa upande, si kwa mbele. Tazama mgongo wako chuma kinapoondoka chini. Kama umepinda hata kidogo, bado. Kama minyanyuo kumi imefanana, mgongo bapa na visigino chini, hamia kwenye bomba jepesi la kilo 5 au 10, kisha chuma kitupu, kisha ongeza kilo 2 au 3 kwa wakati mmoja. Skwati zinaweza kupanda uzani mapema kuliko minyanyuo yenyewe, kwa sababu miguu ina nguvu na mwendo wake si mgumu.

Tahadhari na vyuma vya saruji

Hapa naomba msomaji asome kwa utulivu, maana ni jambo la mitaa yetu hasa.

Chuma cha mashindano kina ncha zinazozunguka zenyewe. Mchezaji anapogeuza mikono katika klini au snachi, chuma huzunguka mkononi lakini pleti hazilazimiki kuzunguka nacho. Bomba letu lililoganda na kopo la saruji halina hilo. Ukigeuza mkono, unaligeuza kopo zima, na mzigo wote wa kugeuza unaangukia kifundo cha mkono na kiwiko. Kwa hiyo vyuma vya saruji vitumie kwa skwati, na kwa kuvuta kutoka chini mpaka kiunoni basi. Minyanyuo kamili ifanye kwa ufito na bomba jepesi mpaka upate chuma kinachozunguka.

La pili ni kimo. Pleti kubwa za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hivyo chuma hukaa kama sentimita 22 kutoka sakafuni. Kopo la rangi ni dogo kuliko hivyo, na chuma chake kiko chini mno. Unalazimika kujikunja ili ukifikie, na hapo ndipo migongo inapoumia. Dawa yake ni rahisi. Weka matofali au tairi kuukuu chini ya kila kopo mpaka chuma kifike katikati ya muundi.

La tatu ni kuangusha. Mnyanyuaji aliyeshindwa hashindani na chuma, hukiacha kikaanguka. Kikiwa mbele, msukume na wewe urudi nyuma. Kikiponyoka nyuma katika snachi, wewe toka mbele. Jizoeze kukimbia hivyo kwa ufito, mpaka mwili ujue njia bila kufikiri. Pleti za mpira huvumilia kuangushwa. Saruji hupasuka, na vipande vyake huruka. Kama chombo chako hakiangushiki, usipandishe juu ya kichwa uzani ambao huna hakika wa kuushusha polepole.

Na viatu, usinyanyue na ndara. Wala raba zenye sponji nene za kukimbilia hazifai, kwa kuwa zinabonyea na kukuyumbisha. Kiatu chenye soli ngumu na bapa kinatosha kwa mwanzo.

Chakula, joto na sindano

Huhitaji kopo la unga wa elfu sita kutoka dukani. Mbaazi, maharagwe, dengu, mayai, maziwa na samaki vinajenga mwili, na sisi wa Pwani tumejaaliwa navyo. Kinachowashinda wengi ni wingi na ratiba. Ukinyanyua jioni umekunywa chai kavu tangu asubuhi, mwili hauna cha kujengea. Kunywa maji mapema, kabla ya kiu, maana joto letu na jasho lake si la mchezo. Katika Ramadhani hamishia mazoezi baada ya kufuturu, na upunguze uzani. Mwezi mmoja wa ufundi mwepesi haukupotezei kitu. Lala vya kutosha pia, kwa sababu nguvu hujengeka usiku.

Kuhusu sindano na vidonge, nitasema waziwazi. Mchezo huu umeaibishwa sana na dawa. Baada ya sampuli za Olimpiki za 2008 na 2012 kupimwa upya, wanyanyuaji wengi walivuliwa medali walizokuwa wamekwisha kuvaa shingoni. Hao walikuwa na madaktari. Kijana wa mtaani anayedungwa na rafiki yake kwa chupa isiyojulikana ilikotoka anahatarisha moyo, ini na uzazi wake. Anayekuuzia kitu hicho si kocha.

Swali la watoto nalo huulizwa sana na wazazi. Hakuna ushahidi kwamba mazoezi ya uzani yanayosimamiwa vizuri humdumaza mtoto. Mashindano ya kimataifa ya chipukizi huanzia miaka 13. Hatari iko kwa mtoto anayejaribu uzani mkubwa peke yake ili awaonyeshe wenzake. Mpe ufito, msimamie, na mwache acheze. Na yeyote mwenye ugonjwa wa moyo, presha au maumivu ya mgongo ya muda mrefu amwone daktari kwanza.

Na mabinti zetu

Wako watakaosema mchezo huu si wa mwanamke, au kwamba mavazi yake hayaendani na stara. Mwaka 2011 shirikisho la dunia la mchezo huu lilibadilisha kanuni zake na kuruhusu vazi la kubana linalofunika mikono na miguu, baada ya Kulsoom Abdullah, Mmarekani mwenye asili ya Pakistani, kuomba ashindane akiwa amejisitiri. Miaka mitano baadaye, mjini Rio, Sara Ahmed wa Misri, binti wa miaka 18, alipanda jukwaani na hijabu yake akashuka na medali ya shaba. Akawa mwanamke wa kwanza wa Kiarabu kusimama kwenye jukwaa la washindi wa Olimpiki katika mchezo huu. Paris mwaka 2024 alirudi akachukua ya fedha.

Kwa hiyo suala la mavazi limekwisha kujibiwa. Lililobaki ni letu. Msichana anayetaka kujifunza hapa kwetu anapata wapi ua wenye faragha, saa zake maalumu, na mwanamke mwenzake wa kumwelekeza? Ua upo katika nyumba nyingi. Ufito haugharimu kitu. Ni sisi wazazi na ndugu ndio tunaotakiwa kutoa saa moja ya jioni na kufunga mlango wa nje.

Ufito haudharauliki

Nimalizie na habari ya mwanamke mwingine. Hidilyn Diaz wa Ufilipino, katika Olimpiki ya London mwaka 2012, alikosa nafasi zote tatu za klini na jeki, akatoka bila jumla. Hakuacha. Mwaka 2016 alipata fedha. Mwaka 2020, korona ilipofunga dunia, alikwama Malaysia, mbali na nyumbani, jimu zimefungwa. Alichukua mti wa mwanzi, akaning'iniza vyombo vya maji kila upande, akaendelea. Julai 2021 mjini Tokyo alinyanyua kilo 97 kwa snachi na 127 kwa klini na jeki, jumla 224, akaipatia nchi yake dhahabu ya kwanza tangu ilipoanza kushiriki Olimpiki mwaka 1924.

Bila shaka mti ule peke yake haukumpa dhahabu. Alikuwa na ufundi wa miaka mingi mwilini mwake, ndiyo maana hata mti ulimtosha. Mwenye ufundi hupewa fimbo akafanya kazi. Asiye nao hupewa chuma cha kisasa akavunjika nacho, kama nilivyovunjika mimi.

Mzee wangu yule wa bandarini bado anaswali kwa kusimama. Siku nilipomwonyesha video yangu ya klini ya kilo 60, ile ile iliyonilaza, aliitazama mara mbili, akanirudishia simu. “Sasa umeinama,” akasema.